Binti Yetu Ametupa Majalada ya Santuri, na Baba Yake Amenyamaza

Mshauri wetu mpendwa,

Nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni mama wa mtoto mmoja tu, lakini huyo mmoja ukimwona utasema nimezaa kumi, maana ni binti msomi, ana digrii, ni mtunza nyaraka kwenye jumba la makumbusho, anafanya kazi kavaa glavu nyeupe kama daktari wa upasuaji, na mimi mama yake niliishia darasa la saba nikakalia cherehani, na kila sare ya shule aliyovaa niliishona mwenyewe, hakuna mtoto aliyekuwa na marinda yaliyonyooka kama yake, waulize walimu wake.

Shida si yeye. Au ni yeye, sijui, ndiyo maana nakuandikia.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na kila safari alirudi na santuri, mpaka zikajaa kabati zima la sebuleni. Sasa amestaafu na presha ya macho imemmaliza, haoni hata taa ikiwashwa. Lakini santuri zake alikuwa anazijua kwa vidole. Anakwenda mwenyewe kabatini, anapapasa majalada, yale ya karatasi ngumu ya zamani, anachomoa anayoitaka bila kukosea. Lililotafunwa kona, binti yetu alilitafuna alipokuwa anaota meno. Lenye alama ya pasi ni la siku ile napiga pasi gauni la bibi harusi wa watu, mume wangu karudi safarini, kaweka wimbo, kanivuta tucheze, nami nikaitua pasi bila kuangalia inatua wapi. Lililovimba ni la mwaka paa lilipovuja tukalala watatu kitanda kimoja kwenye kona kavu, tunaimba. Na kuna moja lina mshono wa cherehani, maana wifi yangu alitaka kuliazima, mimi nikakataa, kila mtu akavuta kwake, likachanika, nikalishona kwa uzi mweusi, na wifi mpaka leo anamwambia kaka yake, "Hiyo yenye kidonda usiniwekee, nitakumbuka mambo nianze upya."

Mume wangu akishika jalada tu, anaanza kusimulia kabla santuri haijazunguka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kutwa, mshauri, nami nashona huku namsikiliza na kumrekebisha, kwa sababu anapenda kutia chumvi.

Basi binti akachukua likizo, akatuambia twende kwa wifi tukapumzike, ana zawadi anatuandalia. Tuliporudi tukakuta kabati linang'aa. Kila santuri imeoshwa kwa dawa, imevalishwa mfuko mpya wa plastiki, yote saizi moja, laini kama kioo, na vibandiko vimeandikwa kwa mwandiko wake mzuri ambao hakuurithi kwangu. Majalada ya zamani kayatupa, lori la taka limeshapita, kasema yalikuwa na kuvu na kuvu inahamia kwenye santuri, na kweli yalikuwa nayo, mwenyewe nilikuwa nakohoa. Nikapiga vigelegele. Nikaita majirani waje kuona mtoto niliyemzaa.

Baba yake akapapasa ya kwanza, akapapasa ya pili, akapeleka mkono mpaka mwisho wa rafu. Akamwambia binti, "Asante mama, umefanya kazi kubwa." Akaenda kukaa. Tangu siku hiyo hajafungua kabati.

Nikimuuliza nikuwekee ipi, ananijibu yoyote. Mtu aliyekuwa ananifokea nikiweka wimbo wa jioni asubuhi, leo ananiambia yoyote. Naweka, anasikiliza kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani hospitali. Hasimulii kitu. Nikamwambia basi tumwambie mtoto. Akasema, "Ukimwambia, mimi na wewe hatutaelewana. Mtoto kapiga magoti kutwa nzima anaosha, umvunje moyo kwa makaratasi yenye kuvu?" Na mtoto naye anapiga simu kila jioni. "Mama, baba anasikiliza santuri zake?" Namwambia, "Anasikiliza mwanangu, hapa hata nikimwita hanisikii." Na mwenyewe kakaa mbele yangu, mikono mapajani.

Sasa sikia nilichofanya. Nikaona nitengeneze alama mwenyewe. Nikachukua mfuko wa ile santuri ya pasi, nikapasha pasi, nikaigusisha kidogo, kidogo kabisa, na santuri imo ndani, sikufikiri, plastiki ikayeyuka ikang'ang'ania, na santuri ikajikunja ukingo kama sikio la mbwa. Harufu ikajaa nyumba.

"Unaunguza nini?" mume wangu akauliza.

"Shati."

"La nani?"

"La mteja."

Sasa anamhurumia mteja ambaye hayupo. Kila asubuhi ananiuliza kama ameshanisamehe.

Na Jumamosi binti analeta wenzake wa kazini kuona kabati, kwa sababu nilimsifia mpaka kwa mkuu wake wa kazi, kwenye simu, hata sikuulizwa. Watataka baba achague wimbo, na hataweza. Je, nimwambie mtoto nimvunje moyo na nigombane na mume wangu, au ninyamaze nimwangalie mume wangu anavyokwisha pale kwenye kiti? Nimechoka na wote wawili, na wote wawili nawapenda, na hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Wako,
Mama Mshonaji

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mshonaji,

Pole sana. Barua yako nimewasomea wenzangu hapa ofisini kwa sauti, wakacheka kwenye shati la mteja, lakini nilipofika kwenye mkono uliopapasa mpaka mwisho wa rafu, hakuna aliyecheka. Najua unaumia. Sasa nivumilie nikuseme.

Binti yako hakukosea kazi yake. Kuvu ni kuvu, na plastiki ndiyo inayotakiwa. Alichokosea ni kuandaa zawadi ya siri kwa kutumia mali ya mtu aliye hai na mwenye mdomo. Angeuliza tu, "Baba, huwa unazitambuaje?" tusingefika hapa. Hakuuliza, na nyinyi mnamficha kwamba hakuuliza. Kesho atamfanyia hivyo hivyo mzee mwingine huko kazini, kavaa glavu zake nyeupe, mkuu wake anampigia makofi.

Na wewe mama yangu, unamsemea kila mtu. Binti unamsemea kwa majirani na kwa mkuu wake. Baba unamsemea kwa binti. Mumeo hana macho, ulimi anao. Anamlinda mtoto kwa uongo, nawe ndiye unayeubeba huo uongo kila jioni. Halafu mnamlinda na nini? Mtoto aliyelala kwenye kona kavu akiimba huku nyumba inavuja, huyo atavunjika kwa kusikia kwamba baba yake anazitaka santuri zake?

Majalada yamekwenda, hayarudi. Msidanganyane, na pasi uiweke mbali. Alama ya kubuni hata ukiipatia haitamrudishia siku ile, itamwonyesha tu kwamba umeibuni. Mwache binti aje Ijumaa, peke yake, bila wageni. Awe anaweka santuri moja moja, baba asikie mwanzo wake, aseme ni ipi na ni ya siku gani. Kisha baba mwenyewe achague alama ya kubandika kwenye ule mfuko: kifungo, fundo la uzi, kipande cha kitambaa, chochote vidole vyake vitakachokikubali. Binti abandike. Wewe utakaa usikilize, na akitia chumvi usimrekebishe. Wageni wa Jumamosi wakikuta kazi haijaisha, watakaa chini nao wasikilize. Si ndio wanaojiita watunza kumbukumbu?

Kuhusu ile uliyoiunguza, mwambie mumeo leo hii, kabla hajamuulizia mteja wako tena. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize. Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba "yoyote" inakuua, basi mtu anayefoka kwa ajili ya santuri moja anaitaka hiyo moja.

Kuhusu kumwambia binti, jibu ni ndiyo, aambiwe, ila si na wewe. Jioni simu ikilia, ipokee, sema, "Huyu hapa baba yako," umpe mkononi. Usimnong'oneze la kusema. Usikohoe. Toka nje, ukae kwenye ngazi. Ukirudi ukakuta bado wanaongea, toka tena.