Mistari Nyuma ya Kabati

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Usinijibu "tunasukuma siku", nataka kujua kama unapanda ngazi. Sisi wazima, ila mjukuu wako ana mafua na dawa hataki, amerithi kichwa cha mtu ninayemfahamu.

Nina shida. Unajua niko kwenye kamati ya mtaa inayogawa fedha za kutunza majengo ya zamani. Mwaka huu kuna ombi la ukumbi wa kusomea, ule ambamo mama alifundisha masomo ya jioni. Kuta zimelowa hadi mabegani, plasta inavimba, vitabu vimeota ukungu. Mkandarasi aliyekuja kukagua anasema msingi umeoza, jengo libomolewe. Na kanuni yetu ni moja: jengo lisiloweza kusimama halipewi kitu. Tunapiga kura tarehe 28.

Mimi siamini. Ukumbi umesimama miaka mia na ushei, umeanza kulowa lini? Wewe umefanya kazi mle. Nani alipiga plasta ya saruji juu ya kuta za chokaa? Nikimpata fundi huyo, labda atatueleza.

Bintiyo


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ngazi napanda, kushuka ndiyo kesi. Huyo mjukuu mwacheni, mafua hayajawahi kumshinda mbishi.

Hilo la ukumbi ni la zamani mno. Mafundi tulikuwa wengi, wengine wameshatangulia. Sikumbuki nani alishika mwiko. Mkandarasi ana shahada, msikilize yeye. Usijitafutie maadui kwenye kamati kwa sababu ya kuta. Majengo nayo huzeeka.

Baba yako


15 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo mguu utasubiri.

Jana niliomba jalada la zamani la ukumbi. Kuna karatasi ya makabidhiano ya kazi, sahihi ni yako, na pembeni jina walilokupa wenzako, Pimamaji. Nikakumbuka kile kibao cha shaba pale mlangoni, "Kazi ya Fundi Bora". Tulipokuwa wadogo ulitupitisha kukisoma kila Jumapili. Kila Jumapili, baba. Leo hukumbuki nani alishika mwiko.

Mhandisi wa kamati anasema ukuta wa chokaa unapumua, ukiuziba kwa saruji maji yanakosa pa kutokea. Lakini bila ushahidi kwamba unyevu ulianza baada ya plasta, hayo ni maneno tu, na mwenyekiti ameshaegemea kwa mkandarasi.

Sitaki ujidhalilishe. Nataka unijibu.

Bintiyo


22 Machi

Baba,

Siku saba kimya. Jirani yako ananiambia u mzima wa afya na unawafunga watu drafti kila jioni. Zimebaki siku sita. Kama umeamua ukumbi uanguke ili jina lako lisimame, niambie waziwazi nijue moja.

Bintiyo


25 Machi

Mwanangu,

Barua yako haikuwa hata na shikamoo. Nimeipokea hivyo hivyo, nilistahili.

Plasta ni yangu. Msimamizi alitaka haraka, na chokaa ilitaka wiki nzima ya kulowekwa. Mzee aliyenifundisha kazi alinikataza saruji, nikamwona amepitwa na wakati. Ukuta ukatoka laini kama sahani, wakanipigia makofi, wakabandika kibao.

Mvua za kwanza, mama yako akaniambia, "Ukuta wako unatoka jasho." Nikamjibu mambo ya ufundi aniachie mimi, yeye ashike chaki yake. Hakurudia tena.

Nenda nyuma ya kabati la tatu, upande wa dirisha. Unakumbuka alivyoyaacha makabati mbali na ukuta, tukadhani ni ili ufagio upite? Utaona mistari ya penseli. Kila mwaka alipiga mstari pale unyevu ulipofika, akaandika tarehe. Wa kwanza uko usawa wa kifundo cha mguu. Wa mwisho uko kifuani, ni wa mwaka aliotuacha.

Niliiona nilipokwenda kuchukua vitu vyake baada ya mazishi. Nikarudisha kabati. Miaka kumi na mmoja nimenyamaza, na si kwa kusahau. Namwonea aibu mama yako hata sasa hayupo.

Barua hii mpe katibu aisome mbele ya wote, asiruke neno. Kibao king'oeni. Naomba kitu kimoja tu: mkibandua plasta, kile kipande chenye mwandiko wake mkiache.

Baba yako


29 Machi

Baba,

Shikamoo. Mguu je?

Nilitangaza kwamba fundi ni baba yangu, nikatolewa nje kama kanuni inavyotaka. Nikakaa kwenye benchi la koridoni, namsikia katibu anasoma lakini maneno siyapati. Kisha wakatoka wote saba bila kuniangalia, wakavuka barabara hadi ukumbini, nami nikawafuata hadi mlangoni, wakasogeza kabati. Mwenyekiti alipiga magoti, akavaa miwani, akasoma tarehe moja moja kwa sauti kutoka chini kwenda juu. Mkandarasi, naye alikuwa ameitwa, akasema penseli yeyote anaweza kushika. Mhandisi hakubishana naye, alipasua plasta penye mstari wa kwanza. Ndani chokaa imelowa, mawe mazima.

Wamepitisha, wanne kwa watatu.

Ila ulichoomba kimekataliwa. Mhandisi anasema ikibaki saruji hata ya kiganja, maji yatakimbilia hapo hapo. Nilimbishia mpaka akanionea huruma, lakini ana haki, na mama angemuunga mkono. Lazima yote itoke.

Kazi inaanza Jumatatu. Nimewaambia nyuma ya kabati la tatu asiguse mtu mpaka ufike. Njoo na patasi yako. Kwenye ngazi nitakushika mkono.

Bintiyo