Sweta la Mama Dorkasi

Mponde,
9 Juni 1974

Dada Yunis,

Shikamoo. Huku sisi wazima. Baridi ni kali, lakini kiwanda cha chai hakisimami.

Safari ya matarumbeta ya usharika imekubaliwa. Tutaanza Ujerumani, tupite Uholanzi, tumalizie Denmaki. Nauli wanalipa Wakristo wa kule. Mchungaji anasema hizo nchi zimepakana, tutazipita kwa basi. Koti nimeazima kwa Mika. Linanibana. Mika anasema nisipulize sana, vifungo vitaruka.

Shida ni Dorkasi. Siku tuliyomzika Klara ulimwambia kuwa mama yake amepelekwa Ulaya kutibiwa. Mimi nikanyamaza, mtoto alikuwa mdogo. Sasa ana miaka saba, na amesikia naenda Ulaya. Jana alikunja sweta la mama yake akalitia kwenye mfuko wangu. Akaniuliza, "Baba, mama yuko nchi ipi?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi muulizie zote tatu. Mwambie siku hizi najua kusoma."

Dada, sikulaumu. Ulitaka mtoto alale. Lakini siwezi kurudi na lile sweta mkononi.

Tunaondoka mwisho wa mwezi. Panda uje Jumamosi ya tarehe 22. Tutampeleka kaburini, nitamwambia mwenyewe. Wewe uwepo tu. Akikasirika, atukasirikie wote wawili. Na akisema nisiende, nitamrudishia Mika koti lake.

Wasalimie wa Muheza.

Mimi mdogo wako,
Sefania