Mshahara wa Mwisho Si Mshahara wa Kwanza

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumatatu, tarehe 9, asubuhi.

Mpendwa mpwa wangu Kengele,

Watu wengi wakiwa na neno zito huruka salamu ili walifikie upesi. Ni kosa, maana neno zito hupokelewa vizuri zaidi na mtu aliyekwisha kuketi. Basi keti kwanza. Hujambo? Mguu ulioteguka umepona? Na mama yako, presha yake imeshuka, au bado anameza dawa siku anazojisikia vibaya tu? Mwambie dawa si chumvi, haitiwi kwa kuonja.

Sisi huku ni wazima. Magoti yangu hutangaza mvua kabla ya redio, na mke wangu, unayemwita "shangazi" kwa utani, huyatangaza magoti yangu kwa majirani wote.

Juzi kwenye simu uliniambia, "Mjomba, wewe mwenyewe si umejenga nyumba kwa mshahara wa chaki?" kisha ukakata. Sikukasirika. Ila simu haina subira, na jambo hili linataka karatasi. Barua hii nimemkabidhi dereva wa lori la matofali. Ameniahidi kuifikisha Jumatano, na Ijumaa ndiyo siku mama yako anayokwenda benki kuiweka nyumba yake dhamana, ili wewe upate mkopo wa kusomea shahada ya ualimu. Tuna siku mbili, mwanangu, ndiyo maana sitazunguka sana.

Kaka yako Mhasibu alinitumia picha ya hesabu aliyoifanya ya kuulipa mkopo huo. Mwandiko safi, mistari imenyooka, jumla haina kosa. Nikaitazama ile tarakimu aliyoiandika kuwa ndiyo mshahara wa mwalimu. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Tarakimu ile naijua. Ni ya kwangu.

Unaikumbuka sherehe ya kuniaga nilipostaafu? Nilisimama nikasoma slipu yangu ya mwisho ya mshahara mbele ya watu, kwa mzaha, nikasema, "Leo ndipo ninapolipwa vizuri, na leo ndipo ninapofukuzwa." Ukumbi mzima ukacheka. Mhasibu hakucheka. Kumbe alikuwa anaandika.

Simlaumu. Katika ukoo wetu mwalimu ni mmoja, na mshahara wa mwalimu tunaoujua ni mmoja. Lakini ule ni mshahara wa mzee mwenye vyeo viwili na mvi kichwa kizima. Wewe hutaanza na mvi.

Mpangaji wetu wa chumba cha mbele ni kijana anayefundisha jiografia, mwaka wake wa pili kazini. Nilimwomba anioneshe slipu yake. Akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni sawa na kuniomba nivue shati." Nikamjibu kwamba mimi nimeshavua la kwangu mbele ya ukumbi mzima. Akacheka, akaileta.

Sasa nifuate pole pole, kama zamani ulipokuwa unagonga kifuniko cha sufuria kuwaita watoto wa jirani kwenye darasa lako la uani. Chukua mshahara wangu wa mwisho, ugawe sehemu kumi. Mshahara wote wa kijana huyu ni sehemu nne kati ya hizo. Rejesho la benki ambalo Mhasibu ameliandika ni sehemu mbili za kwangu, na kwa kweli linaonekana dogo. Lakini mbili kati ya nne ni nusu. Ukigawa mshahara wa kijana nao sehemu kumi, benki inachukua tano. Kodi, pensheni na bima zinachukua mbili. Mkopo wa mfuko wa wanafunzi, ule unaolipa ada, unachukua moja na nusu. Kinachobaki ni moja na nusu. Kwa hiyo moja na nusu ulipe pango, ule, upande gari, na bado usimame mbele ya watoto ukiwa umetabasamu.

Tena hapo umeshaajiriwa. Mpangaji wangu alikaa karibu mwaka mzima bila ajira, akifundisha masomo ya jioni kwa malipo ya kesho na keshokutwa. Mfuko wa wanafunzi ulimsubiri. Benki haisubiri. Riba yake huanza kutembea siku fedha zinapotoka, na ukishindwa, haikufuati wewe uliyeelimika. Inamfuata mama yako kitandani kwake.

Najua atakachosema, kwa sababu ameshaniambia mimi: "Nyumba ni udongo, kaka. Mwanangu ni mtu." Jibu langu nimelipata usiku wa kuamkia leo: na yeye pia ni mtu, na udongo ule ndio unaomkinga mvua.

Usinielewe vibaya. Sikukatazi ualimu. Wewe ni mwalimu tangu kifuniko cha sufuria. Ninachokikataa ni ule mkopo wa pili, wa benki. Mfuko unalipa ada, na benki mnaiendea kwa sababu ya bweni na chakula cha chuo kile chenye jina kubwa. Huku kwetu kipo chuo kisicho na jina, kinatoa shahada ile ile, na ukitoka getini kwetu unafika kwa miguu. Utalala chumba chetu cha nyuma; kina matofali na baiskeli mbovu, vitahama. Utachelewa muhula mmoja kuhamisha nafasi, na marafiki zako watakutangulia. Hilo litauma, sitakuficha. Huenda nimekosea mahali, kwa hiyo usiniamini mimi. Hakiki.

Nisalimie mama yako, umwambie sina ugomvi naye. Msalimie Mhasibu, mwambie jumla yake haina kasoro na bado namdai masahihisho. Bibi wa dukani mpe salamu zangu, asiniongezee bei ya sukari nikija. Mungu akupe moyo wa kusikia jambo usilolipenda, na akulindie mama.

Nyuma ya nyumba yenu kuna shule, na pale yupo yule binti wa sayansi aliyeajiriwa mwaka jana. Leo hii, kabla jua halijazama, nenda ukamwombe akuoneshe slipu yake ya mshahara.

Ni mimi, nikupendaye hata unapokata simu,
Mjomba wako