Maharage ya Neema

Jumatano, Nyasho

Vidole vimenikunjamana kwa kumenya maharage. Jana nilimpa Neema yenye maganda, tumbo likamjaa gesi, akalia mpaka alfajiri. Na leo ndiyo siku mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Butiama kuona kama mtoto anakula. Wifi alituachia Neema, binti yake wa miezi kumi, alipopata kazi Bunda, nami nimeshampenda. Kama asingekula, bibi yake angeondoka naye.

Kwa hiyo leo niliyachemsha mpaka yakalegea kabisa, nikaanza kumenya moja moja. Mume wangu, jamani mume wangu, akavuta kigoda akamenya na mimi, na shati lake la kazini. Mama akatukuta hivyo hivyo.

"Siku hizi unamenya maharage?" akamuuliza mwanawe.

"Nilikuwaga namenya hata kwako, mama."

"Muongo wewe."

Nikaponda, nikachuja. Mama akaonja kwa kidole. "Sisi tuliwatafuniaga, tukawalisha. Hatukuwa na mambo ya chujio."

Nikamkalisha Neema mapajani. Kijiko cha kwanza alikitema. Cha pili akameza. Cha tatu akafungua mdomo mwenyewe kabla kijiko hakijamfika.

Mama aliangalia mpaka bakuli likaisha, akajifunga kitenge chake, akaondoka peke yake.

Maharage ya kesho ameyaloweka mume wangu. Nimechoka hata nimeshindwa kumwambia ninavyompenda.