Shingo ya Orhan

Jumatatu, 9 Septemba 2019
Shifti ya ghalani imeisha saa tisa. Kutoka Garland hadi jimu ya Mansfield, saa nzima na ushee kwenye foleni. Nimepima: kilo themanini na sita na nusu. Orhan, mwenzangu wa mieleka, themanini na tisa; lazima apunguze hadi themanini na sita, uzani wetu. Amenibwaga mara sita. Kawaida. Mara ya saba alikuwa amenishika mguu barabara, mkono wake wa kushoto ukaachia. Hakuteleza. Uliachia wenyewe. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Kocha Dale hakuona.

Alhamisi, 12 Septemba
Orhan ameniambia, ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa. Tangu Mei vidole viwili havina hisi. Shingo inawaka moto akiinama. Ana miaka thelathini na moja. Alianza mieleka akiwa na tisa, kwao Uturuki, baba yake amesimama pembeni akimfokea. Bingwa wa vijana, kisha timu ya taifa, kisha akaachwa. Akaja Texas kujijenga upya. Mwisho wa mwezi kuna mashindano Houston. Akishinda, kwao watamwita tena kambini. Akishindwa, basi.
"Usimwambie mtu," akasema.
Nikaapa. Haraka mno.

Jumanne, 17 Septemba
Nimemwambia mke wangu tu. Consolata ni msaidizi wa wauguzi hospitalini, nilitaka aniambie si kitu. Aliacha kumenya ndizi. "Baba Bella, shingo si ya kuchezea. Akianguka vibaya hatasimama tena."
Nikasema nimeapa. Akauliza ni kiapo gani hicho cha kumzika mtu.

Alhamisi, 19 Septemba
Nilimkaba kwa upole mazoezini. Akagundua. Akanisukuma kifuani mbele ya wote: "Unaniona mgonjwa?" Aibu. Hasira pia.
Na kuna jambo jingine, niliandike hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Orhan akitoka, nafasi ya jimu kwenye uzani wetu ni yangu. Miaka mitatu nimekuwa mtu wa kubwagwa ili yeye awe tayari. Nikisema, nitajuaje nimesema kwa sababu gani?

Ijumaa, 27 Septemba
Mimi na Orhan tuko Katy, nje kidogo ya Houston, kwa rafiki wa Consolata, nesi Mkenya. Nyumba kubwa, sauti zinapotea humo. Ametupikia chapati na kuku. Orhan hakugusa. Uzani. Alitaka kusukutua maji tu na kuyatema, akashindwa kufungua chupa. Nikaifungua mimi. Hatukutazamana.

Jumamosi, 28 Septemba
Houston. Alishinda pambano la kwanza kwa urahisi. La pili aliinuliwa juu, akatua kwa shingo. Akabaki chini sekunde nne, tano. Akainuka, akashinda. Watu wakampigia makofi. Mimi nilikuwa natazama mkono: anajaribu kukunja ngumi, haikunjiki.
Ilibaki fainali.
Nikamwendea Kocha Dale. Nikamwambia yote. Akauliza, "Umejua tangu lini?" Nikajibu. Uso wake ukabadilika, akaenda mbio kumwita daktari wa mashindano. Daktari akampa Orhan vidole vyake viwili avibane. Akashindwa. Wakamzuia kupigana.
Hakupiga kelele. Alinijia karibu kabisa. "Uliapa," akasema. Akachukua begi lake.

Jumapili, 29 Septemba
Nimerudi na kocha. Mwendo wa saa nne. Consolata ananisifu. Sitaki sifa. Ningesema wiki mbili zilizopita, jana asingetua kwa shingo.

Jumatano, 16 Oktoba
Elif, mke wa Orhan, amepiga simu. Wamempasua. Pingili ilikuwa imebana neva kuu ya shingoni. Pigo moja zaidi, pengine asingetembea. Mieleka ndiyo imekwisha, kabisa. Nikauliza kama naweza kwenda kumwona. "Si sasa," akasema. Si kwa ubaya.
Kocha amenipa nafasi ya Orhan. Nimeikubali. Sijaweza kumwambia Consolata kwamba nilifurahi.

Jumatano, 20 Novemba
Nimepigana Fort Worth, nikashindwa dakika ya pili. Nilistahili. Zamani Orhan ndiye aliyenieleza nilikosea wapi; sasa hakuna.

Jumamosi, 11 Januari 2020
Orhan amekuja jimu. Sikumtarajia. Amekonda, kovu lipo mbele ya shingo, juu ya kola. Alisalimia wote kwa mkono. Mimi akaniashiria kwa kichwa tu, akakaa kwenye benchi.
Niliendelea na mazoezi, vibaya, nikijua ananitazama. Baada ya muda akasogea ukingoni mwa mkeka.
"Mguu wa nyuma unachelewa."
Nikarudia.
"Bado."
Nikarudia. Nikarudia tena. Tulipomaliza nilikuwa hoi. Elif alikuwa anamngoja nje na gari. Orhan akavaa koti taratibu, mkono wa kushoto kwanza, akatoka.