Kumbe Bahari Ulishaiona

Wambui,

Nimekaa kwa cherehani tangu asubuhi na sijashona hata mfuko. Sare za shule ziko hapa, nimeshazikata, na mwenyewe amepiga simu mara mbili. Nimemwambia mashine imeharibika. Ni uongo, lakini siku hizi nimejua hata watu wazuri hudanganya, kwa hivyo sijasikia vibaya sana.

Wacha nikupe habari za huku kwanza, usije ukasema nimekuja na hasira tu. Duka lako bado linafunguliwa. Mume wako Kariuki amemweka dada yako pale kaunta na biashara inaenda, labda kwa sababu yeye hapigi hadithi na kila mteja kama mmiliki wa zamani. Mahindi yamevunwa na watu wameyaanika kando ya barabara yote hadi Moiben. Binti yako Njeri amekata nywele, anafanana na wewe mpaka nilipomwona kanisani nilitoka nje. Mimi nimepimwa presha. Vile ulianguka Jumanne ile mchana kwa duka, chai yako ikiwa bado moto, ilinitia baridi. Presha iko sawa.

Na nimeenda baharini. Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Unakumbuka vile ilianza. Yule mzungu meneja wa shamba la Moiben aliondoka, akamwachia Kariuki wako viatu vya mvua, jiko bovu na kayaki mbili za plastiki, vile vimashua vya mtu mmoja. Kariuki alitaka kuzikata azifanye mabirika ya ndama ya kunywea maji. Wewe ukakataa. Ukaniita Jumamosi, tukazishusha kwa bwawa la shamba, wanawake wawili wazima na sketi zetu tumezifunga kiunoni, ng'ombe wakitutazama. Mji mzima wa Eldoret unakimbia mbio, sisi pekee ndio hatukuwahi kukimbia hata kilomita moja, na hapo ukasema sisi tutakuwa watu wa maji. Nilikushonea kile kitambaa cha turubai cha kufunika kiuno, maji yasiingie kwa kayaki. Nilishona viwili, chako na changu, uzi wa kijani. Na ukaniambia kuna watu Pwani wanafundisha, siku tano, unajifunza mchana na unalala kwa hema kando ya bahari. Ukasema tutaenda. Tutaenda mimi na wewe.

Mwaka wa kwanza ukasema bado. Mwaka uliofuata ukasema duka limekubana. Nikangoja. Mimi nani nikuharakishe.

Sasa nikuambie kitu kuhusu mazishi yako. Watu walikuwa wengi, ungefurahi. Ilipofika zamu ya marafiki nilisimama na ile programu mkononi, ile yenye picha yako ya kwaya, nikaongea. Nilisema ulikuwa na hamu moja tu hapa duniani. Nikasema, "Wambui amekufa kabla maji ya bahari hayajamlowesha miguu." Wanawake wakalia. Nikaahidi mbele ya kaburi kwamba kasia lako nitalipeleka mimi, nilisimamishe kwa mchanga wa bahari, angalau lifike kama wewe hukufika. Pasta alisema amina. Kariuki alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilidhani ni uchungu.

Basi nilienda. Nilipanda basi na kasia lako limefungwa kwa leso, lile la utepe mwekundu, na chupa ya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa begi maana nilikuwa nimesikia chakula cha huko kina nazi hadi kwa maharagwe. Tulikuwa wanafunzi sita. Mwalimu wetu ni mama wa huko, Bi Mwanaidi, mdogo wa umbo lakini akikuita unageuka. Siku ya kwanza ilikuwa kwa mlango wa bahari palipotulia, kati ya mikoko. Alinitazama nikipiga kasia akasema mkono wangu ni mzuri. Karibu nimwambie nani alinifundisha. Nikageuza kayaki, nilitaka kukulilia peke yangu.

Siku ya pili tukavuka hadi kisiwani. Tulifika kabla ya saa sita mchana. Nikavuta kayaki yangu hatua kumi kutoka kwa maji, nikapigilia kigingi, nikaifunga vile tunafunga kwa bwawa. Hema nikaliweka hapo hapo, mchanga ulikuwa umelala sawa kama kitanda. Wenzangu walikuwa wanapanda juu kabisa, karibu na miti, na mimi nikawaona ni waoga. Wambui, maji ya bwawa hayatembei. Yako pale yalipo, ng'ombe wanayajua, kila mtu anayajua. Mimi nani angeniambia kwamba bahari hutoka ikarudi?

Tulienda upande wa pili kwa masomo. Tuliporudi, kwenye saa kumi hivi, kayaki yangu ilikuwa inaelea kwa kamba yake na hema langu lilikuwa limeketi ndani ya maji. Unga wote ulilowa. Watu walicheka, hata mimi nilicheka, nikaingia hadi magotini nikaanza kuokota vitu. Bi Mwanaidi akaja kunisaidia kufungua kamba. Akashika lile fundo, akalitazama, akaacha kucheka.

"Nyinyi watu wa Eldoret mna nini? Yule Wambui wa mwaka jana alifunga hapa hapa, na fundo lenyewe ni hili hili."

Fundo hilo ni la kufungia ndama. Baba yangu alinifundisha, na wewe nilikufundisha mimi, nyuma ya zizi letu, na ulichukua wiki nzima kulishika. Hakuna mtu mwingine katika hii dunia angelipeleka kwa kisiwa hicho.

Nilimuuliza Wambui gani. Akaniambia: mama wa duka, mwenye pengo hapa mbele, anayecheka hadithi yake kabla hajaimaliza. Alikuja Februari. Alimaliza siku zote tano. Alikuwa na kitambaa kizuri cha kiunoni, uzi wa kijani, akisema kilishonwa na rafiki yake fundi. Bi Mwanaidi alikuuliza mbona hukuja na huyo rafiki. Ukamjibu huyo ni mwoga wa maji, hatakuja kamwe.

Nilikuwa nimesimama kwa maji na unga umenishika mikononi. Nilimaliza kuokota.

Februari ya mwaka jana ulikuwa Nyeri, Wambui. Ulikuwa umeenda kumzika shangazi yako. Nilikupikia chapati za safari, nikazifunga kwa karatasi, nikakusindikiza hadi stendi, nikakwambia pole. Ulizila kwa mchanga ule ukiangalia maji. Na shangazi mwenyewe kumbe yuko mzima, alikuwa kwa mazishi yako mstari wa mbele na kofia yake ya zambarau, nikamsalimia kwa mikono miwili nikidhani ni shangazi mwingine. Na ile sketi ya turubai, kile kitambaa cha kiunoni, uliponirudishia niishone mshono ulioachia, ilikuwa na mistari myeupe kila mahali. Ukaniambia chumvi ya ng'ombe ilimwagika stoo. Nikakubali. Niliifua, Wambui! Nilikaa kwa karai nikafua chumvi ya bahari uliyonificha, nikaanika, nikaikunja.

Si wewe uliniambia hatutafichana? Ule mwaka wa fujo za uchaguzi, watu wa kabila lako wakisakwa, ulipokaa siku nne kwa stoo ya mahindi ya mama yangu huko Burnt Forest, mimi nikikuletea uji kwa ndoo na kuifunika maganda juu majirani wasijue. Ulipotoka ulinishika mkono ukasema, "Kufichwa nimefichwa ya kutosha. Mimi na wewe hatutafichana kitu." Hatukuwa hata na miaka ishirini na mbili. Mimi hilo neno nililishika. Nimelishika mpaka leo, kama mjinga.

Siku ya tatu sikuenda masomoni. Wenzangu walienda kujifunza mawimbi, mimi nikapanda kwa mwamba kutafuta mtandao nikampigia Kariuki. Sikumsalimia. Nilimuuliza kama ulienda baharini. Nilisikia ng'ombe nyuma yake. Halafu akasema ndiyo. Akasema watu wa nyumbani wote walijua, hata Njeri. Nikamuuliza kwa nini.

"Alisema ukijua utataka kwenda, na ukienda utakufa, au utamuua yeye. Hakuwa na moyo wa kukwambia."

Nikamuuliza na pale kaburini, mbona aliniacha niseme vile mbele ya watu. Akasema nilikuwa naongea vizuri, akashindwa atanikatiza aje. Nilimkatia simu.

Nilikaa kwa mwamba huo mpaka jua likanichoma shingo, na hapo ndipo nilikumbuka shingo yako. Jumamosi moja, kabla ya hiyo Februari, kayaki yangu ilipinduka katikati ya bwawa. Jaketi la kuelea lilikuwa moja na ulikuwa umenivalisha mimi. Ulikuja mbio, ukaruka, na mimi nikakushika shingo kwa mikono yote miwili, nikakupanda kama ngazi. Ulienda chini. Nilikusikia ukienda chini na sikuachilia. Sijui ulijitoaje. Tulipofika ukingoni ulitapika maji, ukacheka, ukasema ni kawaida, hata wanaojua hufanya hivyo. Kanisani ulivaa skafu wiki tatu kuficha makucha yangu. Hatukuongea tena juu ya siku hiyo.

Kwa hivyo sitasema uliogopa bure. Uliogopa kitu cha kweli. Mimi mwenyewe ningeniogopa.

Lakini ngoja nikwambie siku ya nne, ndiyo inayoniuma kuliko zote. Siku ya nne ni ya kuokoana. Unapinduka kwa makusudi kwenye maji ya kina, na mwenzako anakuja kukurudisha. Bi Mwanaidi alinichukua mwenyewe. Kabla hatujaingia alinishika viganja, akanifanya nirudie mara tano, kwamba ukipinduka mikono ishike chombo, isishike mtu. Nikapinduka. Chumvi ikanijaa pua, nikatoka chini, nikamwona yuko karibu, shingo yake iko hapo. Nikashika kayaki yake. Kwa mbele, mikono miwili. Nikabaki nimeishika mpaka akanirudisha ndani. Tukarudia, na tena, na tena. Kufikia saa nne na nusu nilikuwa narudi nikicheka.

Ni somo la asubuhi moja. Asubuhi moja, Wambui. Na wewe ulishafundishwa, ulisimama kwa maji hayo hayo, ukarudi nyumbani nalo. Baada ya Februari ulinifundisha kila Jumamosi zaidi ya mwaka. Ulinifundisha kugeuza, kuegemea, kupiga kasia bila kuumiza bega, vitu vizuri kweli, nikashangaa umevitoa wapi, ukasema video za simu. Hilo moja hukunifundisha. Ulikuwa unaniweka upande wa nyasi, kwa maji ya magoti, na kayaki yako unaiweka mbali na yangu, urefu wa makasia mawili. Nilidhani unanipa nafasi.

Ungeniambia tu. Ningelia siku mbili, ningekununia wiki, ungeniletea sukari na majani ya chai ukisingizia zimebaki dukani, yangeisha. Halafu ungenifundisha mahali pa kuweka mikono. Badala yake ulinifanya nijiandae kwa safari ambayo wewe ulishaifunga na kuniacha nje, ukawa unanitazama nikijiandaa, na unanipongeza.

Siku ya tano tulivuka kurudi. Kulikuwa na upepo, mawimbi yakipita chini yangu moja baada ya jingine, na sikuogopa. Au niliogopa lakini mikono ilijua kazi yake. Kasia lako sikulisimamisha kwa mchanga. Lingewekwa pale kufanya nini, na mwenyewe alishafika? Nimerudi nalo. Ndilo natumia sasa, kwa bwawa, na utepe mwekundu nimeubandua nikaweka wa kijani.

Mwaka ukitimia wataweka simenti kwa kaburi lako na watu wataitwa tena. Nimeshamwambia Kariuki nitaongea, hajanikataza. Nitasimama pale pale niliposimama. Nitasema nilikosea, kwamba Wambui aliiona bahari, alilala kando yake siku zote za mafunzo, na alifunga kayaki yake na fundo la ndama maji yakamcheka. Nitasema alienda bila mimi. Sitaongeza wala kupunguza. Nakuahidi hilo, ili angalau mmoja wetu awe amelishika neno la Burnt Forest mpaka mwisho.

Lala salama, rafiki yangu. Bado nimekukasirikia na sijui itaisha lini.

Na kitu kimoja cha mwisho, maana hukuniuliza na mimi sikupata nafasi ya kusema. Bi Mwanaidi ni mgeni kwangu, na mgeni humshiki shingo, hata ukifa. Siku ile kwa bwawa nilifungua macho chini ya maji nikaona ni wewe umekuja. Ndiyo maana nilishika vile.

Jepkosgei