Katuni za Lada

Lipnik, Nebraska
14 Oktoba 1979

Dada yangu mpendwa Albina,

Nakuamkia kwa heshima zote, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba lile goti lako halikusumbui sana na mvua za huko Portland. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mahindi tumeyavuna yote kabla ya barafu, na bei ni ileile ya kutuchekesha. Baba ametoka hospitali. Nyonga imeungwa, anatembea kwa kushikilia chuma cha magurudumu, na kwa kuwa ulimi haukuvunjika usiwe na wasiwasi juu yake. Muuguzi alimwambia apunguze mafuta ya nguruwe, naye akamwambia muuguzi apunguze maneno.

Nilikuwa nikuandikie tangu mwezi uliopita, lakini kila nikishika kalamu naona heri nikafagie zizi. Soma polepole, dada, na ukiweza soma shemeji akiwa karibu.

Baba alipolazwa, walinikabidhi nguo zake pamoja na ule ufunguo wa ghala la chini, anaouvaa kiunoni tangu tukiwa watoto. Nilishuka kuangalia viazi kama vimeanza kuoza. Nilipousogeza ule mtungi mkubwa wa kabichi iliyochachushwa niliona kwamba ubao nyuma yake si ukuta bali ni mlango. Ndani kulikuwa na chumba kidogo, kitanda cha chuma bila godoro, na masanduku ya machungwa yaliyopangwa hadi darini. Kitanda nilidhani ni cha kujikinga na vimbunga. Masanduku nilipoyafungua nilikaa chini nikacheka peke yangu, maana zilikuwa katuni za kaka yetu Lada, vile vijitabu vyake vya picha, zote, toka ile ya kwanza aliyoinunua akiwa na miaka kumi. Nikasema, Mungu amrehemu Mama, kumbe hakuzitupa.

Unajua mimi nilikuwa na miaka saba tu mwaka ule wa hamsini na moja, Lada alipoitwa jeshini kwenda Korea na asionekane kwenye kituo cha kuripotia. Ninachokumbuka ni sherifu amesimama jikoni, kofia mkononi, na Baba akimwambia kwamba kijana amevuka mpaka kwenda Kanada na kwamba yeye hana tena mtoto mwenye jina hilo. Basi nikakua nikijua nina kaka Kanada.

Nilikuwa nimesikia kuna watu wanatafuta katuni za zamani kama wengine wanavyotafuta farasi wa mbio. Nikampigia mmoja wao, Bwana Thurman Pickett wa Lincoln, akaja kesho yake. Ni mtu mnene, mcheshi, anakula maandazi yetu ya kolachi yenye plamu mawili kwa mpigo, lakini kabla ya kugusa kitu alinawa mikono hadi viwikoni kama padri. Alifungua sanduku la kwanza, akanusa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninajua nina nini.

Aliniambia watoto wa zama zile walinunua katuni kwa mamilioni, wakazikunja mfuko wa nyuma, wakabadilishana, mama zao wakawashia majiko, na wakati wa vita zikakusanywa zikageuzwa makaratasi ya serikali. Iliyobaki nzima ni bahati. Lakini juu ya bahati, akasema, kuna nasaba. Mkusanyiko wenye nasaba ni ule uliokuwa wa mtu mmoja tangu mwanzo, aliyenunua kila kitabu kikiwa kipya, mwezi kwa mwezi, miaka na miaka, ukakaa pamoja bila kutawanywa, karatasi zikabaki nyeupe. Mkusanyiko kama huo hupewa jina, la mji au la mwenyewe, na kila kitabu hulibeba jina hilo popote kitakapouzwa. "Watu hawanunui karatasi, Emil," akasema, "wanamnunua yule mtoto aliyekishika kitabu wa kwanza." Nilimuuliza kwa nini hizi zimebaki nyeupe hivi. Akasema karatasi huuawa na vitu vitatu, mwanga, hewa na watu, na yeyote aliyezihifadhi alizinyima vyote vitatu.

Sharti lake lilikuwa moja. Alitaka jina la mwenyewe na habari yake, ya kweli, na idhini yake ikiwa yu hai, kwa sababu mkusanyiko usio na asili ni lundo tu. Nilimwambia mwenyewe yuko Kanada na tumepotezana. Alifurahi kama aliyeahidiwa harusi. Dada, hata mimi nilifurahi. Nilijiambia sasa nina sababu ya kumtafuta Lada, na kwamba akisikia tumemtunzia mali yake atarudi, Baba atake asitake.

Bwana Pickett akaanza kuvikagua kimoja kimoja. Alinionyesha alama ya penseli pembeni mwa kila jalada, tarehe kilipofika dukani na herufi L, akauliza ni ya nani. Nikamweleza desturi ya duka la dawa la mzee Soukup, kwamba vya mteja wa kudumu viliwekwa kando na kuandikwa hivyo. Miaka ya mwanzo mwandiko ni wa mzee mwenyewe. Kuanzia mwaka wa hamsini ni wako, ulipoanza kazi pale, na ile tarakimu yako ya saba yenye mkanda katikati kama alivyotufunza Mama. Nilijivuna kidogo, nikamwambia huyo ni dada yangu.

Lakini alipofika masanduku ya nyuma uso ulimbadilika. Aliniuliza Lada aliondoka lini hasa. Nikamwambia kiangazi cha hamsini na moja. Akageuza jalada nione. Ilikuwa tarehe ya mwaka wa hamsini na tatu, herufi L, saba yenye mkanda. Masanduku mengine yalifika hadi masika ya hamsini na tano. Akaniuliza waziwazi kama nimepachika, maana hiyo ndiyo dhambi kubwa ya biashara yao, kuingiza vitabu vya nje ndani ya mkusanyiko wenye jina. "Niambie tu, sitakasirika. Wengi wanajaribu," akasema. Nilimwambia katika nyumba hii mtu hatupi kitu wala haongezi kitu, na kama ananiona mwizi mlango anaujua.

Aliomba radhi, akarudi kazini na kioo chake cha kukuzia. Alikaa humo hadi chakula kikapoa. Alipopanda alikuwa anacheka tena, akasema msomaji ni yuleyule, hana shaka. Vile vya kabla ya hamsini na moja vimepauka kidogo mgongoni kwa sababu vilikaa karibu na dirisha, na vimesomwa mara moja au mbili na kijana mwangalifu. Vya baadaye havikuona jua hata siku moja. Vina masizi ya taa ya mafuta kwenye kingo, na pini zimelegea kwa kufunguliwa mara nyingi sana, ingawa kwa mikono ileile ya adabu. "Huyu jamaa hakuwa anavisoma," akaniambia, "alikuwa anaishi navyo."

Kisha akaweka mezani furushi la mwisho. Lilikuwa bado limefungwa kamba ya dukani, Februari hadi Aprili ya hamsini na tano, alama zako juu, na hakuna kilichofunguliwa hata ukurasa mmoja. Kwa watu wake hiyo ndiyo lulu, akasema, kitabu ambacho hakijawahi kupumua. Akanikonyeza kwamba hapo bila shaka kijana alipata mchumba akaachana na katuni. Yeye alicheka, mimi nilishindwa.

Alipoondoka nilishuka tena na taa. Ghala lote lile, dada, sakafu yake ni udongo, unakumbuka tulivyokuwa tukichorachora kwa vijiti. Chumba kile peke yake kina sakafu ya zege. Nikakumbuka majira ya baridi nikiwa na miaka kumi na moja, Baba akiburuta mifuko ya saruji chini na mimi nikimchotea maji ya moto kwa sababu ya baridi kali, nikiona fahari kupewa kazi ya wanaume. Aliniambia ni ya kuzuia panya.

Baba alirudi nyumbani juma lililofuata, na Pickett kwa pupa yake akapiga simu, Baba akaipokea. Sijui walisemezana nini. Tangu siku ile Baba hakai tena dirishani. Amesogeza kiti chake hadi mlango wa ghala, hapo anakula na hapo anasinzia. Alinidai ufunguo, nikamwambia nimeupoteza. Jumanne nilipotoka kulisha ng'ombe na kurudi nilikuta kopo la mafuta ya taa chini ya kiti chake na kiberiti mfukoni mwa sweta, mtu ambaye hawezi kufunga viatu vyake. Nilivichukua. Aliniangalia tu, akasema, "Karatasi zinaita panya, Emil."

Nikaketi mbele yake, nikamuuliza Lada yuko wapi. Sikumuuliza kwa ukali. Alinitukana kwanza, kwa Kicheki, matusi ambayo sikuyasikia tangu yule fahali alipomvunja mbavu. Kisha akachoka, akasema yote akiangalia sakafu.

Albina, Lada hakuenda Kanada.

Najua mlimficha pale chini, na najua ni Baba aliyekuapisha usiniambie mimi mtoto. Sikulaumu hata kidogo. Baba amesema wewe ndiye uliyemletea katuni kila juma ukitoka dukani, na kwamba bila hizo angekwisha kuwa mwendawazimu mwaka wa kwanza. Lakini Januari ya hamsini na tano alianza kukohoa, na homa ikashuka kifuani. Mama alipiga magoti kuomba aitwe daktari. Baba akakataa, maana daktari angemwambia sherifu, na Baba alikuwa amekwisha kuapa mbele ya watu kwamba hana mtoto huyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila kwetu hata kifo kilifichwa. Kaka yetu alikufa juma la kwanza la Februari. Ardhi ya nje ilikuwa imeganda kama chuma. Baba akamlaza palepale alipoishi.

Wewe ulikuwa umeambiwa usishuke, kwamba homa inaambukiza. Nilimuuliza Baba kuhusu lile furushi la kamba. Akasema ulikuwa unaleta kama kawaida, naye anakupokelea juu ya ngazi, na kukuambia Lada anakushukuru. Miezi miwili alikuambia hivyo. Aprili ndipo akakudanganya kwamba wamemvusha mpaka ndani ya lori la ng'ombe, na kwamba hakutaka kukuaga. Ukafunga mizigo yako ukaenda zako magharibi, na mimi miaka yote hii nikidhani mligombana juu ya shemeji. Hata mazishi ya Mama hukuja. Na kila Krismasi kwenye kadi unaniuliza kama kuna neno lolote kutoka Kanada, na mimi mjinga nakujibu bado.

Nimelia mpaka macho yamevimba, na sioni aibu kukuambia. Nimekasirika pia, na sijui niuweke wapi huo ukali, kwa sababu aliyenikosea ni mzee ambaye inanibidi nimshike mkono aende chooni.

Pickett hakomi kupiga simu. Nilimwambia siuzi, kwamba habari ya mwenyewe siwezi kuitoa. Akasema nisijisumbue, hakuna atakayekwenda kuchunguza. "Tuseme tu alikufa vitani Korea. Wanunuzi wanaipenda sana hiyo," akaniambia. Baba alikuwa anasikiliza, maana simu ile inapiga kelele kama kuku. Akaniashiria nikubali. Akasema huo ndio mwisho mzuri kuliko wote tuliowahi kupewa, Lada awe shujaa, jina letu lizunguke nchi nzima na heshima yake, na nani ataumia? Nikakata simu. Sikuamini jinsi nilivyokaribia kusema ndiyo.

Baba amenisihi nisubiri afe kwanza. Nimemwambia Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili ninakwenda kwa sherifu, si yule wa zamani, huyu ni kijana, ana adabu. Sakafu itavunjwa na Lada atawekwa kando ya Mama, chini ya jina lake. Nakuomba uje kabla ya siku hiyo. Nauli nitakutumia ukisema. Usipige simu, dada, kwa sababu usiku na mchana simu iko karibu na yeye kuliko mimi. Tuma telegramu kwa jirani yetu Vavra, nami nitakuja kukupokea Omaha. Usipoweza sitakulaumu, lakini sitaki kusimama pale peke yangu na yeye.

Msalimie shemeji sana, umwambie asikuache upike wala uendeshe gari leo. Wasalimie na wanao. Paka wako wa kijivu, au tuseme mjukuu wa mjukuu wake, amezaa tena nyuma ya jiko.

Baba ameniuliza ninaandika nini muda wote huu. Nimemwambia ninakupa salamu tu, akasema nikupe na zake. Basi nimezifikisha.

Mdogo wako akupendaye,
Emil Kovanda